Kaluki Alivyomnyima Menza Taka

Wapwa zangu, mkimwona mwanamke amenyamaza baada ya kutukanwa, msidhani amesamehe. Huenda anapima. Mimi Chande, fundi wa makuti ninayejulikana kutoka Tiwi hadi Msambweni (na anayebisha anitajie paa la hoteli Diani ambalo sijalikalia kwa matako yangu), nimeishi na wanawake wakali, nikaoa wawili, lakini hakuna aliyewahi kunitoa kijasho kama Kaluki wa Munyoki. Na mimi nilikuwa upande wake! Mfikirieni sasa aliyekuwa upande wa pili.

Kaluki ni Mkamba, lakini Mkamba wa huku. Wazazi wake walipewa shamba la sikimu, yale ya kugawiwa na serikali, huko juu Shimba Hills, naye akazaliwa huko, akanywa madafu kabla hajaiona hiyo Machakos wanayomwambia ndiyo kwao. Akaolewa na Munyoki, mkata miwa wa kiwanda cha sukari cha Ramisi, wakati mimi nikiwa kijana wa kinuni, mwenye nguvu na sura. Kiwanda kilipofungwa, sisi wanaume tulikaa barazani tukailaumu serikali kwa zamu. Kaluki hakumlaumu mtu. Alichukua gunia, akashuka Diani, akasimama kwenye lango la nyuma la hoteli ya Mivinje na kuanza kuokota chupa.

Tulimcheka. Mimi nilicheka kuliko wote. Lakini mwanamke yule alikuwa na macho. Chupa za pombe aliziosha akawauzia wauza asali. Mitungi ya mafuta ya kupikia ilikwenda Lunga Lunga, na huko ikavuka mpaka. Mikebe aliwapelekea mafundi wa vibatari, maboksi akawapa wauza mayai. Muda si muda Munyoki akamjengea banda Ukunda, nyuma ya soko, banda la mawe ya kuchonga na ukuta kuuzunguka uwanja wake. Kila jiwe alilibeba yeye mwenyewe, na kifua tayari kilikuwa kinamsumbua. Alipomaliza ukuta alilala, na hakuamka tena kufanya kazi. Tulimzika kabla ya mvua za masika. Kwa hiyo mkisikia Kaluki alilitaka banda lile, jueni hakutaka mawe.

Sasa ingieni kwa Menza. Huyu alikuwa kijana wa Ukunda mwenye mkokoteni na meno mazuri. Kaluki alimchukua awe anambebea mizigo, akamfundisha kutenganisha chupa ya kuuzika na ya kutupwa, akamlisha kwake. Musyoki, mtoto wa Kaluki, akawa anamwita mjomba. Cheo hicho kilikuwa changu, na hilo nalo sijalisahau.

Ukaja mwezi wa nane wa tisini na saba. Mnaujua, ule wa ghasia za Likoni, na mimi sitaki kuurudia. Wabara waliambiwa warudi kwao. Kaluki akawabeba watoto mgongoni na mkononi, akakimbilia shamba la wazazi wake huko juu. Kabla ya kupanda gari alimkabidhi Menza ufunguo wa banda.

"Nitunzie, mdogo wangu."

"Wallahi, dada, kama mboni ya jicho langu."

Aliporudi, mvua za El Niño zikiwa zimeigeuza Ukunda kuwa ziwa, alikuta kufuli jipya mlangoni. Ndani ya uwanja kulikuwa na lori. Lori, si mkokoteni! Menza alikuwa amewaambia watu wa Mivinje kwamba mama chupa ameshakwenda kwao bara na hatarudi, akalichukua lango la nyuma, akalichukua na banda. Kaluki alipomwuliza, alisafisha jino kwa kijiti akasema, "Dada, mambo yamebadilika. Hata wewe unajua."

Ningekuwa mimi ningemrukia. Nina ngumi mbaya sana, waulizeni watu wa Gazi. Lakini Kaluki akajaribu heshima kwanza. Alisikia Kadzo, mke wa Menza, amejifungua. Akapika muthokoi, yale mahindi ya kukobolewa ya Kikamba, kwa kunde na nazi ya kwetu, akajaza beseni lake la arusi, la bati lenye maua mekundu, akalipeleka mwenyewe. Menza alilipokea mlangoni, akasema Kadzo amelala.

Mnajua desturi. Kwetu na kwa Wakamba ni moja: chombo cha jirani hakirudi kitupu. Ukiletewa chakula, siku ya kurudisha sahani unatia chochote, kibaba cha mchele, ndimu mbili, hata chumvi ukikosa. Basi kesho yake beseni likarudi, limefunikwa kitambaa safi. Nilikuwepo nyumbani kwa Kaluki. Kaluki alitabasamu kidogo, nami nikadhani maneno yamekwisha. Akafunua.

Vipande vya chupa. Beseni zima limejaa chupa zilizovunjwa, na juu yake maganda ya mayai. Na yule mtu aliyelileta, mbeba mizigo wa Menza, akatoa salamu kama alivyotumwa: "Anasema si ulikuwa unataka taka? Amekutilia."

Kaluki hakulia. Alivitoa vile vipande kimoja kimoja, akavitia kwenye gunia, akalifunga gunia kwa kamba na kuliweka uvunguni mwa kitanda. Akaliosha beseni akalitundika ukutani. Kisha akasema kwa sauti ya mtu anayeagiza sukari:

"Mjomba, huyu nitamnyima taka."

Nikacheka. "Taka utamnyimaje, mwanangu? Mzungu anakula, anatupa. Menza anaokota. Hata usali mkesha, watatupa tu."

"Nataka nijue kwa nini wanatupa," akasema.

Akawa anakwenda kusimama nje ya lango la nyuma la Mivinje. Haombi, haokoti, anatazama tu kinachoingia na kinachotoka. Walinzi wakadhani amerukwa na akili. Menza akawa anampigia honi akipita, anatoa mkono dirishani anampungia. Naye anatazama. Mimi nilikuwa juu ya paa la stoo, maana mvua zile zilikuwa zimewatoboa, na bila Chande hoteli ile ingekuwa bwawa la kuogelea kila chumba.

Siku moja, lori la soda likishusha kreti, akaniita kutoka chini.

"Mjomba! Umewahi kuona chupa ya soda kwenye lori la Menza?"

Nikafikiri. "La."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu inarudi kiwandani."

"Kwa sababu ina kwao," akasema. "Inakuja imejaa, inarudi tupu, inajazwa tena. Hizi nyingine zimekosa kwao, ndiyo maana Menza anazila. Taka haizaliwi pipani, mjomba. Inazaliwa stoo, siku ya kununua. Nitakwenda kuikatia huko huko."

Mimi, kusema kweli, ndiye niliyempa wazo hilo. Nilikuwa nimemsimulia mara nyingi jinsi kiwanda cha Ramisi kilivyokuwa kinachoma makapi ya miwa yake kwenye tanuri lake, hakuna kilichokwenda bure. Yeye anakana. Anasema nilikuwa nikimsimulia habari za wanawake wa Ramisi. Haya, tuyaache hayo.

Stoo ya Mivinje ilikuwa mikononi mwa Judy, msichana wa bara, mwepesi wa maneno. Mwaka ule wageni walikuwa wamekimbia, vyumba vitupu, na mwenye hoteli alikuwa amemwambia Judy apunguze matumizi au apunguzwe yeye. Hayo nilikuwa nimeyasikia kwa masikio haya. Paa la makuti halizuii maneno. Kaluki akaingia, nami nikaacha kushona.

"Mama chupa! Nilisikia ulienda home."

"Home ni wapi, Judy? Nilikuwa hapo juu tu, usiku naona taa zenu."

"Aki pole. Lakini hizo taka sasa ziko na mwenyewe, siwezi kuingilia."

"Sikuja kuomba taka. Nimekuja kukuuliza kwa nini unazinunua."

Judy akacheka. "Mimi? Nani ananunua taka?"

"Wewe. Nyanya unazoletewa kutoka Mombasa, unazinunua na sanduku la mbao, na karatasi, na nailoni. Nyanya anakula mgeni. Vingine vyote unampa Menza bure, na juu yake unamlipa avibebe. Jemu unanunua kwenye vidude vidogo kama kofia za mdoli. Mgeni analamba mara moja, kinachobaki chakula cha Menza."

Nikasikia kalamu ikigongwagongwa mezani.

"Sasa unataka nini wewe, mama?"

"Nataka lori lake liwe jepesi."

Hapo nilicheka nikajisahau, mguu ukapenya makuti, ukaning'inia juu ya kichwa cha Judy. "Shikamoo, mjomba," akasema Kaluki bila kuinua macho. "Ukimaliza kusikiliza, ziba hapo."

Judy akakubali, wakaanza na nyanya. Huko Shimba Hills wanawake wa Kikamba wana mwethya wao, kikundi cha kusaidiana shambani, leo kwako kesho kwangu. Kaluki akawapanga. Nyanya, sukuma wiki, mapapai na mayai vikawa vinashuka asubuhi kwenye vikapu vya ukindu. Na desturi ikashikwa: kikapu hakirudi kitupu. Jikoni Mivinje wakatakiwa kukirudisha na maganda, masalio ya kahawa na majivu, vimefungwa kwa majani ya mgomba, viende vikalishe udongo na kuku. Masanduku ya mbao yakakoma. Menza aliyazoea yale masanduku, alikuwa anawauzia watu wa kuni. Akamwuliza mpishi, mpishi akainua mabega.

Jemu ikafuata. Judy akaagiza ya mapera ipikwe huku huku, itiwe mabakulini. Aliyekuwa akiwaletea mafuta ya kupikia akaambiwa mtungi mtupu aondoke nao na kuujaza, akikataa yuko mwingine. Maji ya mezani yakachujwa na kutiwa kwenye magudulia ya kioo. Nami upande wangu nilikataa kutupa makuti. Yaliyokuwa bado mazima niliyatoa paa la wageni nikayapeleka mabanda ya wafanyakazi, yaliyooza nikayatandaza chini ya migomba. Watu wakasema Chande amesoma. Nimesoma ndiyo, mpaka la sita.

Si kila kitu kilikubali. Samaki walitoka Majoreni kwa mtu anayeitwa Mwinga, wakaletwa kwenye makanda, yale makapu makubwa ya majani ya mnazi, badala ya maboksi ya plastiki nyeupe inayovunjika kama chapati kavu. Kanda likavuja. Judy alitoka nje ameshika pua.

"Kaluki! Stoo yangu inanuka kama Vanga nzima! Hiyo mambo ya makanda yako imeisha leo!"

Siku ile nilimwogopea Kaluki. Kama Judy angemfukuza, Menza angecheka mpaka kiyama. Kaluki akakaa chini, akaosha sakafu ya stoo kwa ndimu na mikono yake, kisha akaenda kutafuta ndoo za mfuniko zilizokuwa zinaozea karakana ya rangi. Akazisugua kwa mchanga mpaka zikang'aa. Samaki wakaja kwenye ndoo, ndoo zikarudi na barafu kwa ajili ya samaki wa kesho. Judy akalegeza uso. Betri na vikopo vya dawa ya mbu havikupata kwao, na hata sasa havijapata. Kaluki anavitazama kama mtu anavyotazama mbu ndani ya neti.

Sasa njooni mumwone Menza. Alizoea kuondoka na lori limejaa mpaka turubai halifungi. Likawa linaondoka nusu. Kisha sakafu tu. Akawa anasimama juu ya ngazi ya lori, anachungulia pipa kama mtu aliyeangusha saa kisimani. Akamweka binamu yake alinde pipa mchana kutwa. Binamu analinda maganda mawili ya ndizi! Akawashika wapishi mashati. Mwisho akanijia mimi.

"Mjomba Chande, shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Mbona umekonda?"

"Nani ananiibia taka?"

"Taka? Mtu mzima aibe taka?"

"Basi hapa pana mkono wa mtu. Hoteli hii ni ile ile, wageni wameanza kurudi. Kwa nini hawatupi?"

Nikajikuna kidevu. Mimi si mwongo, mnanijua. Nikasema, "Sina ninalojua. Ila nikiwa juu ya paa nilimwona mwanamke mmoja anasimama hapo langoni, siku nyingi, hasemi na mtu. Anatazama tu."

Menza akabadilika rangi. "Fingo," akasema. "Amezika fingo hapa, ameifunga riziki yangu!"

Neno hilo la uchawi alilitamka yeye. Mimi nilikwenda kunywa chai.

Akaleta jembe. Wakati huo mwenye hoteli alikuwa mbele anawapokea Wajerumani, kundi kubwa la kwanza tangu mambo yaharibike, na Judy amevaa sketi mpya. Nyuma, Menza anachimba. Anachimba chini ya pipa, chini ya ngazi, kando ya mtaro, jasho linamtiririka, anasoma dua kwa pumzi moja. Jembe likagonga kitu kigumu. Akapiga kelele, "Nimelipata!" akapiga tena kwa nguvu zake zote.

Lilikuwa bomba la maji machafu.

Sitaeleza kilichotoka. Kilimpata mpaka kwenye nyusi. Harufu ikazunguka jengo ikawafikia Wajerumani wakiwa na glasi za makaribisho mkononi. Judy alikuja mbio, kiatu kimoja mkononi.

"Menza! Unatafuta nini hapo?"

"Fingo, madam!"

"Na taka je?"

"Hakuna taka! Ndiyo maana natafuta fingo!"

Judy akasimama, akamtazama, akalitazama lori. "Kama hakuna taka," akasema polepole, "lori lako linafanya nini kwangu?"

Ikaisha hivyo. Menza akaoga kwenye bomba la bustani, akaenda hoteli ya jirani, akakuta vikapu vya ukindu vimepangwa langoni. Judy alikuwa amewasimulia wenzake wa stoo. Akaenda ya mbele, akakuta ndoo za mfuniko. Lori likarudi bandani likalala, na Ukunda nzima, kuanzia wauza mahamri hadi mafundi baiskeli, wakawa wakimwona wanauliza, "Umelipata?"

Nikamwambia Kaluki, "Mwanangu, umeshinda. Tulia sasa."

"Banda bado," akasema. Akalitoa beseni la arusi ukutani, akaliosha likang'aa, akalifunika kitambaa kile kile. "Lipeleke kwa Kadzo. Mkononi mwa Kadzo, si mwa mumewe."

Nikalipeleka. Nikamkuta Kadzo anamwogesha mtoto uani, Menza amekaa kwenye kibao. Kadzo akafurahi kuliona beseni, akafunua. Uso ukamshuka.

"Mjomba, mbona tupu? Nimemkosea nini Mama Musyoki?"

"Hukumkosea kitu. Amesema hivi: alitaka kumrudishia Menza taka alizomtilia siku ile, akazitafuta Diani nzima, hakuzipata."

"Taka gani?"

Menza akainuka. "Kadzo, maneno ya wazee hayo, achana nayo..."

"Kaa!" Kadzo akanigeukia. "Taka gani, mjomba?"

Nikamwambia. Vipande, maganda ya mayai, na salamu. Kadzo alimtazama mumewe mpaka nikatamani kuondoka, na mimi huwa siondoki penye ugomvi.

"Uliniambia ulimtilia mchele. Nilikushukuru. Mtoto wangu amezaliwa, mtu aliyefukuzwa kwake akaja kunipikia, nawe ukarudisha chupa zilizovunjika ndani ya chombo cha arusi yake? Kwa jina la nyumba yangu?"

"Yule ni mbara, Kadzo, angeondoka tu..."

"Beseni hili halilali hapa. Na halirudi tupu."

Menza akaingia ndani, akatoka na kibaba cha mchele. Kadzo akakipiga kikamwagika, kuku wakafurahi. "Unajua cha kutia," akasema.

Menza akautazama mchele chini. Kisha akatia mkono mfukoni. Kitu kikalia ndani ya bati, kidogo tu, kama jino lililong'oka. Ufunguo.

Alilibeba mwenyewe. Mimi nilimfuata nyuma nisimsaidie, maana nilitaka wote waone. Alipita sokoni mchana kweupe na beseni la maua mekundu kifuani, na watu wakanyamaza kuliko walivyowahi kumcheka. Kaluki alikuwa kizingitini.

"Shikamoo, dada," akasema Menza.

Kaluki akauchukua ufunguo. Akalichukua beseni. Hakusema marahaba. Nyie vijana hamjui uzito wa shikamoo isiyoitikiwa. Mtu anabaki ameinama, hana ruhusa ya kunyooka.

Banda sasa ni lake. Hapo ndipo vikapu vinasukwa na kuzibwa matundu, ndoo zinasuguliwa, magudulia yanakaushwa juani. Lori la Menza analikodi yeye, linashuka na mboga na kupanda na maganda, na amri ni moja tu, lisitembee tupu. Menza ndiye dereva na ndiye muosha vikapu. Nilimwambia Kaluki amfukuze. Akaniambia, "Nikimfukuza nitamwona wapi?"

Na lile gunia la uvunguni? Alilitoa wiki ile ile aliyofungua banda. Akakoroga saruji mwenyewe, akapanda juu ya ukuta wa Munyoki, akavipanda vile vipande vya chupa juu yake, ncha zikiangalia juu, kimoja kimoja, mpaka vikaisha. Hakuna mwizi anayeruka pale. Kila asubuhi Menza anaingia na lori chini ya vile vipande, jua linavipiga vinammulika usoni, anashuka, anavua kofia.

"Shikamoo, dada."

Mwaka huu wa tisini na tisa unakaribia kuisha, na Kaluki bado anahesabu vikapu bila kuitikia.